Maneno Saba Bila Koma

Kuna watu wakikasirika hufoka, wengine hununa, wengine huenda kulala bila kula. Kitinda akikasirika husahihisha. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, ujumbe wa kaka yake ulipoingia kwenye kundi la familia, jambo la kwanza aliloliona lilikuwa nukta zilizowekwa mahali pasipo pake. Maana ya ujumbe ilimfikia baadaye kidogo, na ilipomfikia aliitupa kalamu mezani hadi wenzake wa chumba cha kusahihishia prufu wakanyanyua vichwa.

"Ndugu zangu," kaka aliandika, "mama mwenyewe ameamua, tena kwa mkono wake. *Kuhama. Sitaki kubaki hapa. Ndiyo nia yangu.* Kesho saa nne gari litakuja kumpeleka kwenye makao ya wazee. Tusibishane tena." Chini yake aliweka picha ya karatasi.

Kitinda alisoma mara tatu. Kusoma mara tatu ndiyo kazi yake. Miaka kumi na tisa amekaa katika chumba kile cha kiwanda cha uchapaji, dirisha moja, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda herufi zilizopotea kwenye vitabu vya shule, kalenda na kadi za harusi. Jina lake hasa liko kwenye barua ya ajira tu. Nyumbani anaitwa Kitinda kwa kuwa ni kitinda mimba, na kaka yake anaitwa Mhandisi kwa kuwa anajenga barabara na hawezi kumaliza nusu saa bila kukukumbusha.

Karatasi ya kwenye picha aliijua vizuri. Alikuwa ameishika mwenyewe jana yake jioni.

Mama yao alifundisha lugha na fasihi miaka thelathini na minne, na wanafunzi wake, wengine sasa wana mvi, bado wanamwita Mwalimu Koma. Alikuwa na neno moja lenye kazi mbili. Mtoto akisoma insha yake mbio bila kupumua, mwalimu alipiga meza: "Koma!" Maana yake weka alama, mpe msomaji nafasi avute pumzi. Wa viti vya nyuma wakipiga soga, alipiga meza ileile: "Koma!" Na hapo hakuna aliyedhani mwalimu anazungumzia alama za uandishi. Sheria yake ya insha ilikuwa moja pia: andika maneno kwanza, kisha rudi juu uweke alama zako mwenyewe. Na kila mwaka aliigizisha wanafunzi tamthilia moja ya kale, karibu zote zikiwa na mzee anayesumbuliwa na wanawe. "Mzee wa kwenye tamthilia hauawi kwa upanga," alikuwa akiwaambia. "Huuawa kwa kikao. Watoto wakishaketi bila yeye, jueni pazia limeanza kushuka." Watoto wake wawili walikaa mstari wa mbele wakitafuna karanga, wakadhani hayo ni mambo ya jukwaani.

Miezi minane iliyopita kiharusi kilimkuta akimwagilia maua. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, kikachukua na maneno yote isipokuwa moja: ndiyo. Daktari alisema akili ni nzima na maneno yamo, ni mlango tu uliokwama. Sawa, lakini hebu jaribu wewe kuishi na ndiyo peke yake. Mama, chai ina sukari? Ndiyo. Haina? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Huumwi? Ndiyo, na machozi ya hasira yanamlengalenga. Kitinda, anayeishi naye, alijifunza kutazama macho na kuachana na mdomo. Mhandisi, anayekuja mara moja kwa mwezi na kuondoka kiti hakijapata joto, alisikiliza mdomo, kwa sababu mdomo ulikubaliana naye kila mara.

Alhamisi, Kitinda akiwa kazini, wifi yake, mke wa Mhandisi, alikuja kushinda na mama. Kitinda aliporudi wifi alikuwa ameshaondoka, na kwenye meza ndogo ya mama palikuwa na penseli na karatasi. Herufi zote kubwa, zimeinama huku na huku kama uzio mkuukuu, kazi ya mkono wa kushoto: KUHAMA SITAKI KUBAKI HAPA NDIYO NIA YANGU. Maneno saba, ya kwanza tangu ugonjwa uingie. Kitinda alipiga kigelegele peke yake sebuleni. Kuhama sitaki, kubaki hapa ndiyo nia yangu! Na bila kufikiri, kama mtu anavyomfuta mtoto chembe ya mkate shavuni, alichomoa kalamu nyekundu nyuma ya sikio akatia koma baada ya neno la pili. Mama alinyoosha mkono akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kitinda akadhani anafurahi, akaibusu ile karatasi, akaiweka kabatini.

Kumbe wifi alikuwa ameipiga picha kabla. Ijumaa hiyo Kitinda alitoka hadi ukumbini mwa kiwanda, mitambo ikinguruma nyuma ya ukuta, akapiga simu.

"Kaka, hivi una akili timamu?"

"Watu husema shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Una akili timamu?"

"Marahaba. Soma mwenyewe, Kitinda. Kuhama. Sitaki kubaki hapa."

"Nukta hizo kaziweka nani? Hizo nukta ni zako! Mama amesema kuhama hataki!"

"Mambo ya kazini kwako yaache hukohuko. Nyumba ina ngazi kumi na nne, nimezipima. Siku akianguka utakuja kuniambia nini?"

"Mama hapandi ngazi! Analala chini, anaoga chini, bafu tulilitengeneza mwezi wa pili, wewe ulikuwa unakagua madaraja ya watu!"

"Saa nne kamili," alisema Mhandisi, akakata.

Kitinda alibaki ameshika simu, amefura kama maandazi. Kama angekuwa karibu, angemrukia. Badala yake alimpigia mjomba, mdogo wa mama, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mjomba anapenda haki, ila anapenda utaratibu zaidi. Alisikiliza, akakohoa, akasema gari lisimame nje mpaka pande zote zisikilizwe, na kila mwenye kielelezo aje nacho.

Jumamosi saa tatu walikuwa sebuleni. Mama kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, nywele zimechanwa, meza yake ndogo mbele yake. Mjomba kwenye kiti chenye mikono, miwani puani, daftari gotini. Wifi pembeni ya mlango na sanduku tupu miguuni. Mhandisi hakukaa. Alizunguka na tepu yake ya chuma akipima upana wa mlango, kana kwamba nyumba ndiyo iliyoshtakiwa. Mazungumzo yote yalipita juu ya kichwa cha mama. Walikuwa wameketi naye chumba kimoja, na bado walikuwa wameketi bila yeye.

"Kielelezo," alisema Mjomba.

Kitinda aliileta karatasi kwa maringo. Usiku wote alikuwa akijiambia kwamba itamaliza maneno. Mjomba aliisoma kwa sauti, akapumzika kwenye koma, akatikisa kichwa kuafiki. "Kuhama sitaki, kubaki hapa ndiyo nia yangu. Mbona iko wazi?"

"Mjomba, tazama na hii." Mhandisi alimpa simu.

Mjomba alitazama simu. Akatazama karatasi. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Hapa koma haipo," alisema polepole. "Na hapa ipo, tena nyekundu. Dada yangu ana kalamu nyekundu?"

Kitinda alihisi masikio yanawaka. Kalamu yenyewe ilikuwa hapo hapo, nyuma ya sikio lake, imekaa kama shahidi wa upande wa pili.

"Umeghushi," alisema kaka yake. Hakupaza hata sauti. "Maneno ya mama, Kitinda. Umeyaghushi."

"Sikughushi! Niliweka pale panapostahili! Mtu yeyote aliyefundishwa na mama anajua panapostahili!"

"Kwa hiyo unakiri," alisema Mjomba, akaandika.

"Nakiri nini, Mjomba? Nakiri kusoma? Haya, ngoja basi nimpe kaka yangu vidonge vyake, maana vya mama navijua kwa saa na kwa rangi. Unajua mama anameza vingapi asubuhi? Unajua analalia upande gani? Unajua usipomgeuza ngozi inafanya nini? Miezi minane, kaka! Mara nane umekuja, na mara mbili ulibaki garini ukiongea na simu. Halafu leo unatoka huko na tepu! Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea huku wewe ungekuona wapi? Unataka kumpeleka mama akatunzwe na wageni ili wewe ulale usingizi!"

"Ndiyo," alisema mama.

Wote walimgeukia, kisha wote wakaamua haikuwa kitu.

"Nalala usingizi mimi?" Sasa Mhandisi naye alikuwa amepandwa. "Kila simu ikilia nadhani ni ya msiba! Huko kuna manesi, kuna mazoezi, kuna watu wa kumfundisha kusema. Hapa kuna nini? Kuna wewe! Niseme ukweli? Asiyetaka kuhama ni wewe. Mama akiondoka utabaki na nani? Huna mume, huna mtoto, una prufu. Umezoea kusahihisha maneno ya watu mpaka umeanza kuwasemea."

Hili lilimwingia Kitinda mahali ambapo hakuwa amejiandaa. Nusu yake ilikuwa kweli, na kaka yake alijua nusu ipi. Alimchukia kwa hilo kuliko kwa gari.

Mjomba aligonga daftari. "Tusitoke nje ya hoja. Wakati anaandika, nani alikuwapo?"

"Mimi," alisema wifi kwa sauti ndogo. Alikuwa mwanamke mpole, na alitamani kuwa popote pengine. "Alianza saa saba, akamaliza saa kumi. Jasho lilikuwa linamtoka. Alipofika kwenye 'yangu' nikaichukua nipige picha. Alikuwa anaurudisha mkono pale juu mwanzoni, ananing'ang'ania kidogo, nikamwambia basi Mama, inatosha, pumzika."

Pale juu mwanzoni. Andika maneno kwanza, kisha rudi juu. Mama hakuwa amemaliza. Alitumia saa tatu kwa maneno saba, na alipotaka kurudi kuweka alama zake, mmoja alimpokonya karatasi. Jioni akaja mwingine na kalamu nyekundu, akamwekea. Ule mkono ulionyooshwa haukuwa wa furaha. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wangapi basi walikuwa wamemwachia mama amalize sentensi yake? Hakuna. Hata yeye.

"Mjomba," alianza, "kuna jambo..."

"Umeshasema ya kutosha," alisema Mhandisi.

Mjomba aliamuru mama apewe karatasi mpya. Mama alishika penseli. Macho ya watu wanne yaliukodolea mkono, na mkono ukachora K, ukachora mstari ulioteleza mpaka mezani, penseli ikaanguka. "Msimtese," alisema Mhandisi. Basi Mjomba akainama akamwuliza taratibu: "Dada, unataka kuhama?" Ndiyo. "Unataka kubaki?" Ndiyo. Mjomba alishusha pumzi, akafunga daftari.

"Kielelezo kilichochezewa hakisimami," alisema. "Kilichosalia ni picha, na picha haina koma. Kwa hiyo neno la mtoto mkubwa ndilo..."

"Asante, Mjomba."

"Mjomba, utaratibu gani huo?" Kitinda alisimama. "Wanasema penye wazee haliharibiki neno, nawe umekaa hapo hapo linaharibika!"

Lakini wifi alishafungua sanduku, na Mhandisi alishaweka tepu mfukoni. Nje dereva alikuwa amewasha gari. Mhandisi aliinama mbele ya mama, akashika mikono ya kiti, na akatumia sauti ile ambayo watu hutumia kwa watoto wachanga na kwa wazee, sauti inayoteleza kama sabuni.

"Haya Mama mzuri, twende tukatembee, eeh? Kuna maua mengi huko. Utapenda! Mama atapenda, si ndiyo?"

Mama aliinua mkono wa kushoto akaupiga mezani. Kikombe cha chai kiliruka, chai ikamwagikia sakafuni.

"Koma!"

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya darasa la watoto hamsini, sauti iliyokuwa ikivuka uwanja wa shule. Mhandisi, miaka hamsini na mmoja, mkaguzi wa madaraja, alijikuta amesimama wima mikono ubavuni. Wifi aliachia kifuniko cha sanduku, kikajifunga chenyewe. Mjomba alisahau miwani yake ilipo, ilhali ilikuwa mkononi.

Wifi ndiye aliyethubutu kwanza.

"Amesema neno," alinong'ona wifi. "Neno jingine!"

"Ana maana ile alama," alisema Mhandisi, midomo imemkauka, "au ana maana... mimi?"

"Vyote viwili!" Kitinda alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hasira yote ya miezi minane imepata mlango. "Ana maana vyote viwili, kaka, na hukuwahi kusikia hata kimoja! Anasema uiache nyumba yake, anasema koma inakaa pale nilipo..."

"Koma," alisema mama.

Safari hii polepole, na alikuwa anamtazama yeye.

Kitinda alinyamaza. Mama alifungua kiganja. Kitinda aliokota karatasi ya Alhamisi kutoka kwenye goti la Mjomba akaiweka mezani, akachomoa kalamu nyekundu akampa. Mama aliisukuma pembeni. Akaonyesha sakafuni kwa kidole, na Kitinda akapiga magoti, akaitafuta penseli chini ya kiti, akampa.

Hapo wote walisubiri, maana hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kufanya lingine. Mkono wa kushoto ulikwenda taratibu mpaka kwenye koma nyekundu, ukaikata mara mbili, mkato wa mwalimu, ule ambao Kitinda alikuwa akiuona kwenye madaftari ya watoto wa watu na hakuwahi kuuona kwenye lake. Kisha mahali palepale, juu kidogo, mama alichora koma yake mwenyewe. Ilikuwa kubwa na imepinda. Akaenda hadi mwisho, baada ya YANGU, akaweka nukta kwa nguvu mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Mtu mwingine angesema ni kitu kilekile tu. Kitinda hakusema. Mwalimu huyu hakuwahi kumpa mtoto maksi kwa jibu alilowekewa na mwenzake, hata likiwa sahihi, na kwake yeye mwenyewe asingelegeza sheria. Uso ulimwaka Kitinda kwa aibu, na chini ya aibu alikuwa bado na hasira, ila hakujua tena aielekeze kwa nani.

Mjomba aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti, na alipofika kwenye koma akasimama muda mrefu, kama mtu aliyeonywa. "Kuhama sitaki," alisema. "Kubaki hapa ndiyo nia yangu." Akakohoa. "Uamuzi wangu naufuta. Hapakuwa na haja ya uamuzi wangu."

Wifi alikwenda nje kumwambia dereva azime gari. Mhandisi alitazama ukuta, akatazama sanduku, akatoa tepu mfukoni akairudisha.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa mbaya hapa," alisema. Sauti ya sabuni ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikwaruza. "Nimezunguka wiki tatu kutafuta mahali. Nimekagua mpaka mabomba ya vyoo vyao. Halafu leo mtaenda mseme nilitaka kumtupa mama yangu." Alimgeukia mama, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwuliza swali akisubiri jibu. "Mama, hivi kweli mimi ni mtoto mbaya?"

Mama alimtazama sana.

"Ndiyo."

Mhandisi alisimama pale. Mjomba alijishughulisha na miwani. Kisha Mhandisi aligeuza macho kwa dada yake, na Kitinda alielewa anachoombwa. Alitakiwa aseme kwamba neno lile halina maana, kwamba mama hulisema kwa chai na kwa dawa na kwa kila kitu, kwamba usiliweke moyoni, kaka. Ni yeye tu aliyeweza kusema hivyo na akaaminiwa. Alifungua mdomo. Akaiona ile koma nyekundu iliyokatwa mara mbili, akaufunga.

Alichukua kikombe kilichomwagika, akaenda jikoni kumtengenezea mama chai nyingine.